Mgeni wa Wazi na Mgeni wa Siri: Mashine Katika Vipimo vya Sataranji

Cheo hakikai ndani ya mwenye cheo. Hukaa baina yake na wale anaokutana nao. Jambo hili lilijulikana sana Vuga, mji wa mgongoni mwa milima ya Usambara, ambao katika karne ya 19 ulikuwa kiti cha Wakilindi na kitovu cha Shambaai yote. Zumbe wa upande huu na zumbe wa upande ule hawakuhesabiwa kwa wingi wa mali yao peke yake. Walihesabiwa kwa ukaribu wao na Simba Mwene aliyeketi Vuga, kwa heshima waliyopewa na ndugu zao, na kwa mambo yaliyotokea walipokabiliana wao kwa wao. Kwa kuwa watawala wa sehemu walikuwa aghalabu wana wa mfalme mmoja, kila mmoja alimjua mwenziwe, na daraja ya kila mmoja ilikuwa kama fundo katika wavu: halishiki ila kwa mafundo mengine.

Richard Burton na John Speke walipofika huko mwezi wa Februari 1857, walimkuta Kimweri ye Nyumbai amekwisha kuwa mzee sana. Burton aliandika kwamba Vuga ulikuwa mji uliokatazwa wageni. Wasafiri wa Ulaya waliliona katazo hilo kuwa ni ushirikina. Walakini yafaa kufikiri kwamba mji ambao vyeo vyote vya nchi vimefungwa kwake una haki ya kuuliza ni nani anayeingia.

Si kwamba Wakilindi walichukia wageni kwa asili. Wao wenyewe walikuwa uzao wa mgeni. Mbegha, kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alitoka Ngulu akiwa mwindaji, akaingia Shambaai na mbwa wake na mikuki yake, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, na mwisho akaua simba karibu na Vuga. Nguvu zake zilionekana na kila mtu. Waliompa utawala walijua wanampa nani, na kwa ajili ya kitu gani.

Mambo yalikuwa mengine baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862. Kiti kilimwendea mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini ami yake, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini kabisa bondeni, penye njia ya misafara itokayo pwani, na hapo alipata bidhaa na bunduki ambazo waliokaa juu milimani hawakuzipata kwa wingi kama yeye. Mnamo 1868 Vuga ilipigwa, Shekulwavu akakimbia, na kiti kikakaliwa na Kimweri Maguvu, mwana wa Semboja. Semboja mwenyewe hakuhamia Vuga. Alibaki Mazinde. Mtu aliyepanda mlima kwenda kumsalimu mfalme alimwona kijana ameketi juu ya kiti cha Mbegha. Mkono uliocheza ulikuwa mahali pengine, bondeni, kando ya njia ya misafara.

Habari hizi zinafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kufahamu jambo moja la zama zetu ambalo kwa sura ya nje halina uhusiano na Usambara: mapambano ya vyeo katika seva za sataranji za intaneti, ambako watu na kompyuta wamekuwa wakikutana tangu miaka ya 1990. Huko nako wameingia wageni wa namna mbili, wa wazi na wa siri. Wengi walimwogopa mgeni wa wazi; hasara aliileta yule wa siri.

Sataranji si ngeni katika lugha ya Kiswahili. Neno lenyewe liliingia kwa njia ya Kiarabu kutoka Uajemi na Bara Hindi, na mfalme wa mchezo huu, shaha, ndiye aliyewapa washairi wetu jina la heshima. Aitwaye shaha wa malenga amevikwa, pengine bila kujua, taji la kipande cha mti. Hata hivyo mchezo wa baraza zetu ni bao, na katika bao ubingwa haukuandikwa kwa tarakimu. Fundi wa bao alijulikana kwa kushindwa kwa mafundi wengine mbele ya macho ya mtaa. Hakuna aliyeuliza amemzidi mwenziwe kwa kiasi gani. Ilitosha kwamba amemzidi.

Wacheza sataranji wa Marekani hawakutosheka na hayo. Mwaka 1950 chama chao kilianza kutumia hesabu ya Kenneth Harkness, na mwaka 1960 kikaiacha kwa ajili ya hesabu iliyo bora zaidi, iliyotungwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Shirikisho la dunia, FIDE, liliikubali mwaka 1970. Msingi wake si mgumu. Kila mchezaji hupewa kipimo, yaani tarakimu moja. Tofauti baina ya vipimo viwili hutabiri matokeo: aliyemzidi mwenziwe kwa 200 hutazamiwa kupata kama alama 76 katika michezo 100, na aliyemzidi kwa 400 hutazamiwa kupata kama 91. Mchezo ukiisha, matokeo hulinganishwa na utabiri, na tofauti yake hulipwa. Wachezaji wawili walio sawa, wakipimwa kwa kigezo cha 20, mshindi huongezewa 10 na mshinde hupunguziwa 10. Mnyonge akimshinda aliyemzidi kwa 400, hupata 18. Mwenye nguvu akishinda kama ilivyotazamiwa, huambulia 2 tu.

Mtu wa bao atalifahamu jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Katika bao kuna kete 64, na kete iliyotekwa haitoki ubaoni. Hupandwa upande wa aliyeiteka. Jumla haibadiliki hata mchezo uishe, ila mahali pa kete tu. Vipimo vya Elo viko hivyo hivyo maadamu wote hupimwa kwa kigezo kimoja: alama anayoipata mmoja imetoka kwa mwingine, wala hakuna iliyoanguka kutoka mbinguni. Mlango uko mmoja tu wa kuongeza au kupunguza jumla, nao ni mlango wa kuingilia na kutokea. Mgeni huingia na kete zake za mwanzo. Akiondoka na nyingi kuliko alizokuja nazo, amewaacha wenyeji maskini. Akiondoka na chache, amewaacha matajiri. Ndiyo maana swali la nani anaingia, lililoulizwa Vuga kwa sababu za utawala, linaulizwa na wapimaji kwa sababu za hesabu.

Mashine ya kwanza kuingia katika mashindano ya watu na kupewa kipimo ilikuwa Mac Hack, programu iliyotungwa na Richard Greenblatt na wenziwe katika chuo cha MIT. Mwaka 1967 ilishiriki mashindano katika jimbo la Massachusetts. Mtu aliketi mbele ya ubao na kupokea kwa simu ya maandishi hatua zilizoamuliwa na kompyuta iliyokuwa mbali. Ilishindwa mara nyingi, lakini ilishinda pia, na kipimo chake kikawa cha mwanachama wa kawaida tu. Hapakuwa na aliyelalamika. Mwaka 1983 Belle, mashine ya Ken Thompson na Joe Condon, ikafikia daraja ya umahiri nchini Marekani. Mwaka 1988, huko Long Beach, California, Deep Thought ikamshinda Bent Larsen na kumaliza sawa na Tony Miles katika nafasi ya kwanza. Zawadi alipewa Miles, kwa sababu mashine haikustahili fedha. Kanuni hiyo yaonyesha kwamba waandalizi walikwisha kutambua kuwa mgeni anaweza kuhesabiwa katika mchezo bila kuhesabiwa katika urithi, jambo ambalo Wakilindi wangelifahamu bila kuelezwa.

Mwezi wa Januari 1992 ilifunguliwa seva ya kwanza iliyowakutanisha wachezaji wa mbali kwa njia ya intaneti na kuwapa vipimo. Ubao ulichorwa kwa herufi katika skrini. Daniel Sleator wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliirekebisha baadaye na kuisimamia, na mwaka 1995 akaigeuza kuwa biashara kwa jina la Internet Chess Club, kwa ada ya dola 49 kwa mwaka. Waliochukizwa na ada wakaanzisha mwaka huo huo seva nyingine ya bure. Katika zote mbili kompyuta ziliruhusiwa kucheza kwa sharti la kujitangaza: mbele ya watu wote, jina la mashine lilifuatwa na herufi C ndani ya mabano. Asiyetaka kukutana nayo aliweza kuikataa. Huyo ndiye mgeni wa wazi, mwenye mbwa na mikuki yake.

Je, aliharibu vipimo? Wakati ule palikuwa na kelele kubwa, na baadhi ya kelele hizo zilikuwa na ukweli. Tuseme mashine yaingia na kipimo cha 1500 na uwezo wake halisi ni 2800. Hadi ifike mahali pake lazima ikusanye alama 1300, na alama hizo hutoka mifukoni mwa watu. Ikiwa wamekutana nayo watu 100, kila mmoja amepungukiwa 13 kwa wastani. Si msiba. Tena jambo la maana ni hili: ikiisha kufika 2800, madhara yamekoma. Kuanzia hapo mtu wa 2000 anayeshindwa nayo hapotezi kitu cha kuhesabika, kwa maana alitazamiwa kushindwa. Na akipata sare moja atalipwa vizuri. Mashine yenye nguvu zilizo wazi na kipimo kilichotulia ni jirani asiye na madhara kuliko kijana wa kibinadamu anayejifunza kwa kasi, ambaye kila siku ni bora kuliko tarakimu yake, na kila siku anachukua zaidi ya haki yake. Deni la mgeni hulipwa wakati anapopanda, si baada ya kufika.

Lakini mashine za miaka ile hazikutulia. Mwenye mashine alinunua kompyuta mpya yenye kasi maradufu, akaiweka chini ya jina lile lile, na asubuhi yake tarakimu ya jana ikawa uongo. Upande wa pili, watu nao walikuwa na hila. Programu isiyokumbuka ilicheza leo kama ilivyocheza jana. Basi aliyegundua njia moja ya kuishinda aliirudia njia hiyo hiyo mara kumi, mara ishirini, akakusanya alama kama mtu achumaye matunda ya shamba lisilo na mlinzi. Kipimo chake kikapanda, na hali hakujifunza lolote ila udhaifu wa mashine moja. Alipokutana na binadamu mwenziwe, tarakimu ile ilimwaibisha. Crafty, programu ya Robert Hyatt wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, iliyocheza sana katika seva hizo, iliwekewa uwezo wa kujifunza kutokana na michezo yake iliyopita, ili njia iliyokwisha kuiangusha isiiangushe tena. Hapo mwindaji na mwindwa walibadilishana mahali, na vipimo vikasogea tena.

Wengine waliona dawa ni kuwatenga. Playchess, seva ya kampuni ya Ujerumani ya ChessBase, ilizitengea mashine chumba chao, zikacheza zenyewe kwa zenyewe. Dawa hiyo ina ugonjwa wake. Waliotengwa hupimana wao kwa wao, na tarakimu zao hukata kamba na kwenda na maji. Chama cha Sweden kilichokuwa kikipima kompyuta kwa kuzipambanisha kilitoa orodha yake kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2000 kikalazimika kushusha vipimo vyote kwa alama 100 ili viwe karibu na vya watu. Wala si mashine peke yao zinazopatwa na hali hii. Claude Bloodgood, mfungwa katika jimbo la Virginia, alicheza mamia ya michezo na wafungwa wenziwe wasioweza kucheza na mtu wa nje, na mwaka 1996 kipimo chake kilifika 2702, akahesabiwa miongoni mwa wakuu kabisa wa Marekani. Yeye alikana kwamba alikusudia hila. Huenda alisema kweli. Duara lililofungwa halihitaji mwovu ili liseme uongo.

Dawa iliyofaa zaidi ilitoka kwa Mark Glickman, mwanatakwimu wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1990 alitunga hesabu iitwayo Glicko. Yeye aliongeza tarakimu ya pili kando ya kipimo, nayo ni ya kueleza kiasi gani kipimo hicho kinaaminika. Mgeni huingia na shaka kubwa. Kwa hiyo akishinda hupanda kwa mruko, wala aliyeshindwa naye hapunguziwi sana, kwa kuwa hesabu yenyewe yakiri kwamba haikujua ni nani aliyekuja. Shaka hupungua kwa kila mchezo. Seva zilizo kubwa leo, Lichess na Chess.com, hutumia hesabu za ukoo huo. Kwa namna hiyo mlango ulipata bawabu, na gharama ya kumpokea mgeni wa wazi ikawa ndogo. Lichess, iliyoanzishwa na Thibault Duplessis mwaka 2010 na kuanzisha akaunti za mashine zenye alama ya BOT mwaka 2018, haikuzifukuza kompyuta. Iliagiza tu zijulikane, zicheze kwa mialiko, na zisijipenyeze katika foleni ya watu wanaotafuta wapinzani.

Basi yamebaki ya Mazinde.

Mwezi wa Mei 1997 Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov mjini New York, na ulimwengu ukashangaa. Lakini Deep Blue ilikuwa mtambo mkubwa usioweza kufichwa. Habari iliyopaswa kuwashtua wapimaji ilitokea miaka 12 baadaye, nayo haikupata sauti kubwa: mwaka 2009, huko Buenos Aires, programu iliyokuwa ndani ya simu ya mkononi ilipata alama 9½ kati ya 10 katika mashindano ya watu mahodari. Tangu hapo bunduki ilikuwa mkononi mwa kila mtu. Hakuhitajika tena msafara wa kutoka pwani. Mchezaji dhaifu aliweza kuweka jina lake katika kiti, na kuacha hatua ziamuliwe na kitu kilichofichwa kando yake.

Madhara yake si yale ya mgeni wa wazi, na tofauti yake imo katika hesabu ile ile. Mashine iliyojitangaza hupanda mara moja, hutulia, na deni lake huisha. Ya siri haitulii kamwe. Leo mwenyewe anacheza kwa akili yake na kushindwa. Kesho anaiuliza programu na kushinda. Kipimo chake hukaa katikati, mahali ambapo si pake wala si pa mashine, na kila anayekutana naye hupimwa kwa rula iliyopinda. Akikamatwa akaunti hufungwa, na alama alizokusanya hufungwa pamoja nayo kama kete zilizotupwa kisimani. Kisha hufungua jina jipya, huanza upya, hupanda upya. Yaani ni mgeni anayepanda daima; deni lake ni la kila siku, na wanaolilipa hawajui kwamba wanalipa. Ndiyo sababu Lichess na Chess.com zimeweka utaratibu wa kuwarudishia alama wale waliopoteza kwa mdanganyifu aliyethibitika. Ni utaratibu wa haki. Lakini haurudishi imani ya aliyeshindwa mara tano kwa siku moja na kuondoka akidhani amezeeka.

Jambo hili ni zito zaidi Afrika Mashariki kuliko mahali ambapo mashindano hufanywa kila mwisho wa juma. Mchezaji wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, na zaidi yule wa mlimani Lushoto, hana mashindano mengi yenye vipimo vya FIDE karibu naye, na safari ya kwenda kuyatafuta ni ghali. Hukutana na wale wale, mwaka hata mwaka. Wote wakiendelea pamoja, kipimo cha mmoja hakiwezi kupanda bila cha mwingine kushuka. Maarifa yameongezeka katika duara zima, jumla ya kete ni ile ile. Huo ni ugonjwa wa Bloodgood uliogeuzwa: duara lililofungwa ambalo badala ya kuwakuza watu wake huwadumaza. Phiona Mutesi wa Katwe aliipata sifa yake kwa kusafiri na kuonekana ubaoni katika Olimpiadi, na akapewa cheo baada ya ile ya Istanbul ya mwaka 2012. Kwa wengi wasiopata safari, seva ndiyo pwani yao. Hapo tu ndipo wanapoweza kukutana na dunia na kupimwa nayo. Janga la korona lilipofunga kumbi mwaka 2020 na FIDE ikaandaa Olimpiadi ya kwanza ya mtandaoni, ilidhihirika kwamba njia hiyo si ya mazoezi tu.

Sasa mtazame huyu aliyedumazwa anapoingia katika seva na kucheza kwa uwezo wake wote. Tarakimu yake ya FIDE yasema 1600. Mchezo wake wasema zaidi. Wachunguzi wa udanganyifu hulinganisha hatua za mtu na zile ambazo kompyuta ingezichagua, kisha huuliza: je, mtu wa kipimo hiki angetazamiwa kulingana nayo kwa kiasi hiki? Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo ndiye aliyejulikana zaidi kwa hesabu za namna hii, na ni hesabu za uangalifu, zisizomhukumu mtu kwa mchezo mmoja. Lakini hesabu yoyote inayoanza na kipimo hurithi makosa ya kipimo. Kijana wa Oslo aliyezidi tarakimu yake husemwa kwamba amekua. Wa Usambara, ambaye tarakimu yake iko nyuma kwa sababu hakuna aliyekuja kuisogeza, yumo hatarini kuonekana kwamba ana Mazinde yake. Hivyo hasara ya mashine ya siri haiishii kwa alama zinazoibwa. Humfanya kila mtu asiyejulikana kuwa mshukiwa, na wasiojulikana ni wengi zaidi katika nchi zisizo na mashindano.

Wala kujificha hakukuanza na kompyuta. Mwezi wa Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya Kenya yaliyofanyika Nairobi, mwanamume mmoja kijana alijiandikisha katika sehemu ya wanawake akiwa amejifunika buibui na nikabu, bila kipimo chochote. Alishinda wachezaji wenye sifa katika raundi za mwanzo, watu wakashangaa kwamba mgeni asiye na tarakimu anawezaje kuwaangusha wenye tarakimu, na mwisho akatambuliwa na kuondolewa. Alikiri, akataja shida ya fedha. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na uwezo wake mwenyewe uliowekwa mahali pasipo pake. Aliyeshtushwa hapo alikuwa mpimaji, na kilichomshtua ni kile kile kinachomshtua katika seva: ushindi uliozidi maelezo.

Yafaa kutaja mgeni wa tatu, aliye wa wazi lakini kwa namna ya ajabu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na kampuni ya Microsoft walitoa programu iitwayo Maia, ambayo haikufundishwa kushinda. Ilifundishwa kucheza kama watu wanavyocheza, pamoja na makosa yao, kutokana na mamilioni ya michezo ya Lichess. Zilitengenezwa kadhaa, kila moja kwa ajili ya kipimo chake, kuanzia 1100 hadi 1900. Zilipowekwa katika seva zikiwa na alama ya BOT, ile iliyojifunza kwa watu wa 1100 ilipata kipimo kilicho juu ya chao. Sababu ni nzuri kuifikiri. Kosa la mtu mmoja aghalabu si kosa la wenziwe. Basi yule anayechagua hatua ambayo wengi wangeichagua huyaepuka makosa ya pekee ya kila mmoja, akawa bora kuliko wote waliomfundisha. Wazee wa baraza hawakuhitaji kompyuta ili kujua kwamba shauri la wengi humzidi kila mmoja wao, lakini hapa limepewa tarakimu.

Katika mwezi wa Machi 2024 FIDE yenyewe ilikiri kwa vitendo kwamba vipimo vya chini vilikuwa vimedidimia. Ilipandisha kiwango cha chini kabisa kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa sehemu nne katika kumi za kile kilichopungua hadi 2000. Aliyelala na 1500 aliamka na 1700. Hakusogeza kete hata moja usiku ule, wala hakuna aliyepunguziwa ili yeye aongezewe. Kwa mara moja kete zilitoka mahali pasipo ubao. Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki walikuwa chini ya 2000, nao walipata sehemu yao. Katika seva, tarakimu zao zilibaki zilivyokuwa jioni ya jana, baina ya majirani wenye herufi kando ya majina yao na majirani wasio nazo.